Chujio la Zamu ya Usiku

Nimekabidhiwa orodha ya matusi mia nne na sita
na kiti kinachopiga kelele kila nikiegemea.
Daejeon, ghorofa ya tisa, mvua ya Mei dirishani.
Kazi yenyewe ni hii: kushoto naandika tusi,
kulia naandika kitakachokaa mahali pake.
Mchezo wetu ni wa treni. Wachezaji ni watoto,
na wastaafu wachache ambao usingizi umewakimbia.

Bosi wangu, Ma Dal-su, alitaka nyota tatu.
Nikamwambia nyota ni pazia,
na pazia humwita mtoto achungulie.
Tukakubaliana: kila tusi liwe waridi.

Siku ya kwanza chujio lililima kama jembe la mgeni,
halikujua gugu wala mche.
Mzee Pyo, aliyeendesha treni miaka thelathini na mmoja,
aliwaandikia watoto:
"Treni ya alfajiri hutoka waridi saa kumi na moja na dakika waridi."

Maana kwa lugha yetu kituo cha mwanzo wa safari
kimebeba tusi tumboni, silabi mbili, bila kosa lake;
na kumi na nane, ukiitamka mbiombio,
ni binamu wa tusi hilohilo.
Mzee akarudia, polepole, kama anayesema na kiziwi:
"Nasema WARIDI. Pale treni inapoanzia!"
Mtoto mmoja akamuuliza kama amepata mchumba.

Nikaweka mpaka: neno likisimama peke yake, likamate;
likiwa ndani ya neno jingine, liache lipite.
Dakika tano hazikuisha, wakachomeka nukta katikati ya tusi.
Nikafuta nukta. Wakatia nafasi.
Nikaziba nafasi,
na maneno mawili mema, majirani tu,
yakashikana mikono yakawa tusi.

Ndipo nikafungua orodha ya pili, ya wasio na hatia:
kituo cha mwanzo; dakika ya kumi na nane;
jina la msichana wa Gangneung, ambalo sikuliamini
hadi alipotuma picha ya daftari lake la shule.
Hakuna aliyeingia humo kabla ya kuumia.
Na mpangilio nao una ubabe wake:
ukiweka ruhusa chini ya katazo,
ruhusa hufika sahani zimeshaoshwa.

Alhamisi, mvulana aliyeshindwa mbio za mizigo
aliandika kwa vidole vyake, herufi kwa herufi,
chujio halikugusa kitu:
"Waridi wewe. Mama yako waridi. Familia nzima mawaridi."
Aliyeandikiwa akazima kompyuta, akalala bila kula.
Najua. Dada yake alituandikia.

Nilidhani ninafua.
Kumbe nalishonea tusi nguo ya sikukuu.

"Ongeza waridi kwenye orodha," akasema Ma Dal-su,
koti begani, mkono kwenye kitasa.
Nikaandika kushoto: waridi.
Kulia kishale kikawaka, kikazima, kikawaka.
Niweke nini? Jiwe? Mkate?
Nipe neno lolote, nitakuonyesha mtoto mwenye hasira
akilinoa kwenye ukingo wa meza.
Nikaandika "kijiko", basi, ili nipate kwenda nyumbani.

Saa kumi na dakika hamsini, Mzee Pyo akaingia.
Ujumbe wake ukasimama mbele yangu, ukingoja kuchujwa:
"Watoto, waridi la mke wangu kando ya reli limechanua.
Nimehesabu. Kumi na nane."

Nikasoma kanuni zangu zote, juu hadi chini.
Hakuna iliyokuwa upande wake.

Nikazima chujio.
Sekunde nne, labda tano.
Ujumbe ukapita mzima, na nyuma yake,
kutoka kwa nani sijui,
likapita tusi moja, kongwe, tupu kama lilivyozaliwa.
Wala sikulifuta.
Nikawasha chujio, nikachukua mwavuli.